Je, Wajua? Kwa Nini Picha Huishia Pale Inapoishia

Je, wajua kwamba barabara inayopita Tunduma, mji ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia, inaunganisha miji miwili iliyozaa mitindo ya uchoraji isiyofanana hata kidogo, ingawa wachoraji wa pande zote mbili walizungumza Kiswahili? Mashariki, zaidi ya kilomita 900 kutoka mpakani, ipo Dar es Salaam, nyumbani kwa Tingatinga. Magharibi, malori yakishavuka Nakonde na kuikata Zambia, huingia Katanga na kufika Lubumbashi, ambako wachoraji waliisimulia historia ya Kongo kwa rangi juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umekaa katikati ya njia hiyo.

Ukitaka kujua mitindo hii inaachana wapi, usianze na rangi, wala usianze na wanyama. Anza kwenye kingo za picha. Tazama mchoraji alichokiingiza ndani, alichokikata, na nafasi aliyoiacha wazi. Mara nyingi hapo ndipo utakapojua alichorea juu ya nini, na nani alitarajiwa kuinunua.

Ubao wa dari

Je, wajua kwamba umbo la mraba la picha za kwanza za Tingatinga lilitokana na vifaa vya ujenzi? Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na turubai la wasanii. Alichukua mbao ngumu za dari, zile zinazotengenezwa kwa nyuzi za miti zilizogandamizwa, akazipaka rangi za mafuta zinazong'aa, za aina inayopakwa baiskeli. Ubao mzima wa namna hiyo huwa na futi nne kwa nane. Ukiukata vipande vya futi mbili kwa mbili unapata vinane, na hakibaki kipande cha kutupa. Ndiyo maana picha nyingi za miaka ile zina pande zinazokaribia sentimita 60 kila mmoja.

Mraba una masharti yake. Hauna upande mrefu wa mnyama kukimbilia, kwa hiyo chui wa Tingatinga hakimbii. Amesimama katikati, ameujaza ubao kutoka ukingo hadi ukingo, na mkia umekunjwa ili usitoke nje. Mwili umechorwa kwa ubavu, lakini uso umegeuzwa kumkabili mtazamaji kwa macho yote mawili. Nyuma yake kuna rangi moja tu, labda na tawi la mti au nyasi chache. Mstari wa mbali ambapo mbingu hukutana na ardhi mara nyingi haupo kabisa. Rangi ile ya kung'aa nayo hukauka katika tabaka laini, haipendi kuchanganywa juu ya ubao, kwa hiyo kila umbo lilihitaji mpaka wake ulio wazi.

Tingatinga alichora kwa miaka michache tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kimakosa, akafariki. Ndugu zake na vijana aliowafundisha waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Kadiri wateja wa kigeni walivyoongezeka, kitambaa kilichukua nafasi ya ubao, kwa sababu kitambaa hukunjwa na kutiwa kwenye mzigo wa ndege. Mraba ukalegea, picha zikarefuka kwenda pembeni, na wanyama wakaongezeka: pundamilia, tembo, twiga na ndege kwenye kila tawi, Mlima Kilimanjaro ukiwa nyuma yao. Picha hizo zina furaha yake na zimelisha familia nyingi. Hata hivyo, kwa macho yangu, yule chui mmoja aliyebanwa ndani ya futi mbili ana nguvu kuliko mbuga nzima iliyojazwa hadi pembeni.

George Lilanga (1934–2005), mchongaji na mchoraji wa asili ya Kimakonde aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, aliijaza picha kwa namna nyingine kabisa. Mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo yaliyofura hushikana mikono na miguu hadi hakuna anayeweza kuondolewa bila wenzake kuanguka. Ule ni mpangilio wa mchongaji wa mpingo aliyezoea gogo moja lenye watu wengi ndani yake, akauhamishia kwenye picha bapa.

Mji, pindo na jina

Picha yenye fremu iliyo kamili kuliko zote Afrika Mashariki haitundikwi ukutani. Ni kanga. Pande zote nne ina pindo, katikati ina mji, na ndani ya mji, karibu na pindo la chini, kuna jina, yaani ule usemi unaomfanya mnunuzi asimame dukani asome kabla ya kuuliza bei. Mchoraji wa kanga anafanya kazi ndani ya mstatili wenye urefu wa takriban mita moja na nusu na upana wa mita moja na ushei, na sheria hizo tatu hazivunjwi hovyo. Anaweza kuweka korosho, jogoo, ua au sura ya kiongozi. Pindo litazunguka tu.

Lakini anajua pia kwamba picha yake itavaliwa. Ikifungwa kiunoni, pindo la chini linakuwa ukingo wa nguo karibu na miguu, pindo la upande linashuka mbele, na jina linakaa nyuma ili lisomwe na anayemfuata mvaaji. Ni mtu anayepanga picha itakayotazamwa ikiwa imezungushiwa mwili unaotembea. Wachoraji wachache sana wa turubai wamewahi kupewa mtihani mgumu kama huo. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, inayojulikana kwa alama yake ya Mali ya Abdulla, imo katika biashara hii tangu 1887.

Sasa njoo Tunduma. Mpaka huu ni mahali ambapo kanga inakutana uso kwa uso na kitenge. Ng'ambo, Nakonde na ndani ya Zambia yote, wanawake hufunga chitenge. Kongo nako kitenge ndiyo nguo ya heshima. Madukani Tunduma vyote viwili vinatundikwa pamoja, na mtu akisimama mbele yavyo anaona aina mbili za mpangilio ambazo wanafunzi wa sanaa husomea darasani. Kitenge hakina pindo wala katikati. Umbo moja linarudiwa juu, chini, kushoto na kulia, na lingeendelea hivyo milele kama jora lisingeisha. Muuzaji anakata popote mteja anapotaka, na fundi cherehani anakata tena. Mchoraji wa kitenge hajui picha yake itaishia wapi, kwa hiyo lazima kila kipande, hata kile kitakachokuwa kola au mfuko, kijitosheleze. Kampuni ya Vlisco ya Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, ilijenga jina lake Afrika juu ya mpangilio huo usio na mwisho.

Ndiyo sababu fundi hushonea kitenge gauni lenye mikato mingi bila wasiwasi, ilhali kanga huvaliwa nzima, doti kwa doti. Ukiikata kanga katikati, umepasua picha.

Reli na karatasi ndefu

Je, wajua kwamba watu waliosaidia kujenga reli inayopita Tunduma wanatoka katika nchi yenye picha zisizotazamwa zote kwa mara moja? Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Uchina ina desturi ya kale ya kuchora juu ya hariri au karatasi ndefu inayoviringishwa. Mtazamaji hufungua kipande mkono wa kushoto huku akiviringa kilichopita mkono wa kulia. Kazi maarufu kuliko zote za aina hiyo, iliyochorwa na Zhang Zeduan katika karne ya 12, inaonyesha kingo za mto siku ya sikukuu ya Qingming: madaraja, mashua, maduka, wachukuzi na ngamia. Urefu wake unazidi mita tano, lakini kimo chake hakifiki sentimita 30. Imehifadhiwa Beijing.

Picha ya namna hiyo haiwezi kuwa na kitovu kimoja, kwa sababu hakuna wakati ambapo yote iko mbele ya macho. Unaitazama kama abiria anavyotazama nje ya dirisha la behewa: mji unakuja, unajaa, unapita. Na katika picha za milima za Wachina, sehemu kubwa ya karatasi huachwa bila kuguswa. Ule weupe ndio ukungu, ndio maji, ndio mbali. Mchoraji wa Tingatinga wa leo angeuona ni nafasi ya kuongeza ndege watatu.

Wazungu nao walikwenda njia yao. Mwaka 1435 Mwitaliano Leon Battista Alberti aliandika kwamba mchoraji aanze kwa kuchora pembe nne na kuzichukulia kuwa ni dirisha lililo wazi. Kutoka hapo mistari ya sakafu na kuta ikaelekezwa kwenye nukta moja, na kila mtu akapungua ukubwa kadiri alivyo mbali. Baada ya miaka zaidi ya 400, Mfaransa Edgar Degas, aliyependa picha za chapa za Kijapani, akaanza kuwakata watu na vitu ukingoni. Katika picha yake moja ya mbio za farasi ya mwaka 1869, miguu ya farasi na magurudumu ya gari yamekatwa na ukingo wa chini. Jaribu kumuuzia mtu wa Mbozi, hapa Songwe, picha ya ng'ombe asiye na miguu. Atakuuliza iliyobaki iko wapi, na swali lake ni la haki: katika mitindo mingi ya kwetu, kumchora mnyama ni kumchora mzima.

Picha zisizo na ukingo

Ukiifuata reli ya TAZARA kutoka Tunduma kuelekea Zambia utafika Kasama. Nje kidogo ya mji huo, kwenye miamba ya Mwela, kuna mamia ya michoro ya kale iliyochorwa na wawindaji: wanyama, watu, na maumbo ya duara na mistari. Ukirudi Tanzania ukaenda Kondoa, utakuta majabali yenye michoro yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey alinakili michoro ya huko mwaka 1951 na kuichapisha katika kitabu mwaka 1983.

Huko hakuna fremu. Twiga anachorwa pale jiwe lilipo laini, mtu mrefu mwembamba anachorwa pembeni yake, na mchoraji mwingine, pengine baada ya vizazi vingi, anachora juu ya wote wawili bila kufuta chochote. Hakuna ardhi ya kukanyagia, hakuna juu wala chini vilivyopangwa. Mipasuko ya mwamba na kivuli cha jabali ndivyo vinavyoiweka picha mahali pake. Ndiyo maana picha za Kondoa zinapochapishwa vitabuni huwa zimepotoshwa kidogo tayari: mpigapicha ameshaziwekea pembe nne ambazo mchoraji mwenyewe hakuzikusudia.

Magunia ya unga ya Lubumbashi

Sasa tuifuate barabara hadi mwisho wake, Lubumbashi. Katika miaka ya 1940, mji huo ukiwa bado unaitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyokuja kuitwa Hangar. Aliwataka vijana wasinakili picha za Ulaya. Akafariki mwaka 1954, lakini tayari palikuwa na watu watatu wa kukumbukwa. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole, bila brashi. Mwenze Kibwanga (1925–1999) alijenga wanyama na watu kwa mistari mifupi ya rangi iliyolazwa pamoja. Pilipili Mulongoy (1914–2007) alichora ndege, samaki na nyoka ndani ya majani, na nafasi yote iliyobaki akaijaza nukta na vistari hadi mnyama na kichaka vikawa kitambaa kimoja. Tofauti na chui wa Tingatinga aliyesimama peke yake, ndege wa Pilipili hana pa kusimama nje ya majani yake.

Kizazi kilichofuata hakikutaka majani. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alijiita mwanahistoria. Kati ya 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zipatazo 100 zinazoeleza historia ya Kongo tangu kale hadi enzi ya Rais Mobutu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alirekodi maelezo yake, yote kwa Kiswahili cha Katanga, na kuyachapisha mwaka 1996. Mapema miaka ya 1980 Tshibumba alitoweka.

Mpangilio wake ni wa msimuliaji. Tukio liko katikati, ardhi iko chini, mbingu iko juu, na maandishi yako ndani ya picha kumwambia mtazamaji ni wapi na ni lini. Wachoraji wa Lubumbashi walirudia mandhari chache ambazo kila mteja alizifahamu. Iliyopendwa sana ilionyesha enzi za Wabelgiji: ua wa gereza, bendera, mzungu aliyesimama akitazama, askari mwenye kiboko, na mfungwa aliyelazwa chini akiwa amevaa nguo za mistari. Mtu hakuinunua ili aone jambo jipya. Aliitundika sebuleni ili wageni waanze kuzungumza, na kwa hiyo kila kitu kilipaswa kuwa mahali pake pa siku zote. Huko wenyewe waliziita picha za ukumbusho.

Picha inayonigusa zaidi ni ile ya kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa karibu na mji huohuo tarehe 17 Januari 1961 pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Tshibumba amewalaza wote watatu chini, Lumumba akitoka damu ubavuni, na nyuma yao ameweka misalaba mitatu. Ndani ya picha hakuandika kwamba huyu ni Kristo wa Kongo. Aliuacha mpangilio useme, akijua kwamba kila aliyewahi kukaa kanisani Ijumaa Kuu angeutambua mara moja. Hakuna kitu cha bahati katika picha ile. Hata umbali kati ya misalaba unaonekana kupimwa.

Ukubwa una maana gani?

Je, wajua kwamba katika picha za makanisa ya Ethiopia mtu mwema huonyeshwa uso mzima kwa macho mawili, na mwovu huonyeshwa ubavu kwa jicho moja? Mtazamaji asiyejua kusoma anajua mara moja nani ni nani.

Ukubwa nao husema kama uso unavyosema. Sam Ntiro (1923–1993), Mchaga aliyesoma Makerere na baadaye akawa balozi wa Tanganyika London, aliinua ardhi ndani ya picha zake hadi ikakaribia ukingo wa juu, na watu wakatapakaa mlimani wakiwa na ukubwa unaokaribiana, wote kazini. Hakuna mkubwa. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Mwenzake Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora kuta za kanisa la Murang'a nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1950 na kumwonyesha Kristo akizaliwa katikati ya vilima vya Wakikuyu.

Nalo jiwe maarufu la Songwe linafundisha jambo hili vizuri. Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lenye urefu wa takriban mita tatu linalojulikana kwa wanasayansi tangu 1930, huonekana dogo kwenye picha nyingi. Mpigapicha amelijaza katika fremu peke yake na hakuweka mtu kando yake. Ukimsimamisha mtoto wa shule pembeni, jiwe linakua papo hapo. Chui wa Tingatinga hahitaji mtoto wa shule, kwa sababu kwake ubao wenyewe ndio kipimo.

Nyuma ya lori

Foleni ya Tunduma imewapa wachoraji wa vibao na malori kitu ambacho wenzao wa majumba ya sanaa hawana: mtazamaji anayelazimika kutazama. Maandishi yaliyo nyuma ya lori lazima yasomeke na dereva anayekuja kwa kasi kutoka Mlowo, na pia yamvumilie dereva yuleyule atakapokwama nyuma yake saa nzima. Kwa hiyo herufi huwa kubwa na zenye kivuli, na mapambo madogo huwekwa pembeni kwa ajili ya mwenye muda. Kibao cha bucha kina ng'ombe aliyechorwa ubavu, pembe zote mbili na miguu yote minne ikionekana. Kibao cha kinyozi kina vichwa vilivyokatwa shingoni juu ya rangi moja, ili mteja aone mkato wa nywele bila kuvurugwa na shati.

Kazi hizi zinaondoka haraka. Mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine ni ya bei nafuu na huwa tayari siku hiyohiyo, na vibao vya zamani vinageuzwa milango ya mabanda ya kuku. Walimu wa sanaa wa Songwe, maofisa utamaduni wa halmashauri, na nyinyi wenye maduka ya Tunduma, Vwawa na Mlowo: kabla hamjakishusha kibao kilichochorwa kwa mkono, kipigeni picha nzima, pamoja na ukuta uliokishika. Mwulizeni aliyekichora, mwandike jina lake na mwaka kwa ridhaa yake, na kimoja au viwili mvihifadhi shuleni mahali pasipovuja.